Kisanduku cha Maelezo

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hasira hizo ndizo zilizonifanya nitengeneze ile fomu. Ofisi yetu ya mradi wa kilimo iko Ifakara, upande wa Lumemo, na kazi yangu ni kupanga safari za vijijini: nani anakwenda wapi, kwa gari gani, na dereva yupi. Zamani watu walinifuata mlangoni. Mmoja anataka gari la Michenga, mwingine ameshalichukua, wa tatu anaapa kwamba bosi alimwahidi yeye tangu Ijumaa. Tulipoanza kutumia kalenda ya pamoja kwenye kompyuta nilimshukuru Mungu, nikatangaza kwenye kikao: kuanzia leo, mwenye neno la safari aliandike kwenye kalenda, asinifuate mlangoni. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Kalenda ile ilikuja na fomu yake ya kumwita mtu safarini, na iliruhusu kila ofisi kujitengenezea ya kwake. Nikakaa nayo wiki nzima. Nikabakiza tarehe, kijiji, gari na vitufe viwili, Kubali na Kataa, nikafuta kisanduku cha maelezo kilichokuwa chini, kwa sababu watu walikijaza salamu. Unamuuliza mtu kama ataendesha Jumatano, naye anaanza na habari za tangu juzi, watoto hawajambo, sisi huku wazima, mvua imetunyeshea, na mwisho kabisa ndipo anasema ataendesha. Nilipomlalamikia bwana shamba wetu alinikumbusha kwamba barua ni nusu ya kuonana. Nikamwambia hii si barua, ni fomu. Tangu siku ile majibu yakanifikia safi: jina, tarehe, Kubali.

Kitufe cha Kataa hakuna aliyekigusa. Nilidhani ni nidhamu. Ningejiuliza kidogo tu ningekumbuka nilivyolelewa: kwetu huku mtu hamwambii mwenzake "nakataa" usoni. Anakubali kwanza, halafu ndipo anasema "ila".

Dereva wetu mkongwe ni mzee wa kutoka upande wa Mahenge. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye akaniitikia, "Marahaba, mwanangu." Masika yale akaanza kunishinda. Mara tatu alibonyeza Kubali kwa safari ya Michenga, na mara tatu siku ilipofika gari halikuondoka, mbegu zikabaki stoo na wakulima wakatungoja bure. Mara ya tatu nilimsema mbele za watu, na hilo naona aibu kulikumbuka.

"Mzee, si ulikubali?"

"Nilikubali, mwanangu. Lakini niliandika."

"Uliandika Kubali! Ninayo hapa!"

Akatazama viganja vyake, akatoka nje. Wiki chache baadaye, aliporudi kutoka safari ya Uchindile, nikaona lile neno mwanangu limepotea. Namwamkia, anaitikia marahaba tupu, anapita. Nikasema moyoni, amenuna, yatamwisha.

Mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha. Bosi akaniita, akaniambia hafikirii kumwongezea, na akataka nimchapishie safari zote za mzee pamoja na majibu yake, aambatanishe na barua. Nilirudi mezani kwangu bila huruma yoyote. Nikafungua kalenda, nikabonyeza kuchapisha, karatasi zikatoka nyeupe. Nikajaribu tena, nyeupe. Nikazima, nikawasha, nikasonya, mwishowe nikampigia mtaalamu wetu wa kompyuta, dada mmoja aliyeko Morogoro, naye akaingia kwenye mashine yangu kutoka huko huko.

"Hii fomu umetengeneza wewe?" akauliza.

"Mimi."

"Umeihifadhi kwako tu, dada. Haijasambaa. Wenzako wote bado wanatumia ile ya zamani, yenye maelezo. Na hii yako ndiyo inayokugomea kuchapa. Ngoja niitoe."

Akaitoa. Kile kisanduku kikarudi chini ya kila jibu, na vyote vilikuwa vimejaa. Miezi yote ile watu walikuwa wakinisalimia nami siwajibu.

Nikatafuta ya mzee. Safari ya kwanza ya Michenga: "Hujambo mwanangu. Nimekubali. Ila maji yamekata barabara, nimekwenda kuangalia mwenyewe. Tungoje siku mbili." Ya pili na ya tatu hivyo hivyo, na salamu zake. Kisha ya Uchindile: "Hujambo mwanangu. Nimekubali. Ila siku hiyo mama watoto anapasuliwa hapa hospitali, na hofu ninayo. Kama yupo mwingine wa kwenda naomba nibaki naye. Nakungoja wewe."

Nililia pale mezani, na yule dada bado yuko kwenye simu ananiuliza kama tatizo limekwisha.

Nilimpelekea bosi karatasi zote, nikamwambia kosa ni langu. Alisoma moja moja. Alipofika ya Uchindile akavua miwani, akaichukua barua aliyokuwa ameianza akaichana, akasema mkataba wa mzee uandaliwe upya.

Mzee nilimkuta uani anaosha gari, matope ya bondeni yakichuruzika chini ya miguu yake. Nikamweleza yote: fomu, kisanduku, kwamba sikuona hata neno moja. Alisikiliza huku anasugua.

"Mama anaendeleaje?" nikauliza.

"Amepona. Anapalilia sasa. Siku ile alipozinduka aliniulizia, wakamwambia nimesafiri."

"Lakini Michenga uligoma kwenda bila jibu langu. Kwa nini Uchindile ulikwenda?"

"Ya maji naamua mimi, nabeba watu. Ya nyumbani kwangu naomba ruhusa. Nikaomba, ukanyamaza. Nikajua umesoma, umeona haina uzito."

"Kwa nini hukuja mlangoni?"

"Si ulisema tusije."

Kisha akauliza yeye, taratibu, kama mtu anayetaka kuhakikisha:

"Kwa hiyo hukusoma?"

"Sikusoma, baba. Nisamehe."

"Basi," akasema. "Maana shikamoo zako nilikuwa naziitikia kwa mdomo tu."

Saa hizo ilikuwa alasiri, na asubuhi nilikuwa nimeshamwamkia. Nikamwamkia upya.

"Shikamoo, baba."

Alikamua kitambaa chake mpaka tone la mwisho, akakianika kwenye kioo cha pembeni.

"Marahaba," akasema. Kisha, "Mwanangu."