Malaria Isiyoisha

Mama anauza vitenge Kariakoo, kwenye kizimba ambacho wakikaa wawili, wa tatu anasimama nje. Shule zikifungwa kazi yangu ni kukunja. Kuongea na wateja siwezi, naona aibu, kwa hiyo nakunja na kusikiliza.

Vidole vyake vilianza kuvimba nikiwa kidato cha pili. Asubuhi alikuwa hawezi hata kufunga khanga, namfungia mimi. Mashavuni akatoka madoa, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Tulizunguka sana mpaka daktari mmoja akasema ni lupus.

"Kinga yako ya mwili haijashuka, mama. Imezidi ukali. Askari wa kukulinda wamegeuka, wanakupiga mwenyewe. Wameanza na viungo na ngozi, wakiachiwa wanaingia mpaka kwenye figo."

Dawa aliyoandika alisema ni ndugu wa klorokwini, ile ya malaria ya zamani. Mama akacheka.

"Ile ya kuwasha? Daktari, mimi utotoni nilijikuna kwa gunzi la muhindi!"

Daktari naye alicheka, halafu akaacha kucheka. Hii, alisema, hatukupi kwa ajili ya malaria. Inawatuliza hao askari, uvimbe unashuka taratibu. Macho utakuwa unapimwa. Na haina kumaliza dozi, unameza hata ukijiona mzima.

Hilo la dozi ndilo lililotushinda. Malaria sisi tumeizoea, unameza, imeisha, unarudi kazini. Mtu anayemeza kidonge kila siku, hapa sokoni watu wanamfikiria kitu kimoja tu, UKIMWI.

Vidole vilirudi polepole. Akaanza kupima kitambaa mwenyewe, nikafurahi kweli. Halafu jirani wa kizimba cha pili, anayeuza mitandio, akamwona anameza.

"Za nini hizo, shoga?"

"Za malaria."

Mwezi uliofuata akamkuta tena na kidonge mkononi.

"Malaria gani hiyo haiishi? Imepanga chumba?"

Watu wakacheka, mama naye akacheka. Lakini nadhani lilimkaa, kwa sababu siku nyingine aliamua kumweleza ukweli. "Ni mambo ya kinga ya mwili, shoga, yaani kinga yangu..." Hakufika mbali. Jirani alishasikia neno kinga. Akashusha sauti, akamshika bega.

"Pole, mwaya. Siku hizi watu wanaishi nayo, wanazeeka."

Kuanzia hapo chai ya chupa yetu, ambayo walikuwa wanakunywa pamoja, akawa haigusi. Binti yake ni wa rika langu. Aliniuliza chooni, "Eti mama'ako ana ngoma?" Nikasema hapana, kwa sauti ambayo hata mimi nisingeiamini.

Siku chache baadaye, nyumbani Ilala, niliona pakiti haijaguswa.

"Nimemaliza dozi," mama alisema.

"Mama, daktari alisema hii haina kumaliza."

"Si ya malaria? Malaria imeisha. Niache nifanye biashara."

Alikuwa anajua vizuri tu. Alisema huku amenipa mgongo, anaosha sufuria ambalo lilikuwa safi.

Mvua za vuli zilipoanza miguu ikavimba, ukibonyeza panabaki shimo. Mkojo ukawa na povu. Hospitali hawakumgombeza, na mimi nilitamani wangemgombeza. Wakasema figo zimeguswa. Kidonge chake kikarudi, safari hii na vingine vikali juu yake. Niliuliza, mimi mwenyewe, kama figo zitapona. Daktari akasema watajaribu kuokoa sehemu iliyobaki, iliyokwenda asingeniahidi.

Sasa amerudi kizimbani. Vile vidonge vikali vimemfanya awe na uso wa duara, mashavu yamejaa. Jana jirani akaja kumsalimia, akamtazama kwa furaha ya kweli kabisa.

"Umenenepa, shoga! Dawa zimekukubali."

Nilimwangalia mama. Nilidhani atakasirika, au ataanza tena kueleza askari na viungo. Akatoa kidonge kwenye pochi mbele yake, akameza na maji ya chupa.

"Zimenikubali," akasema.

Jirani alipoondoka akaniambia niendelee kukunja. "Waache waseme," alisema. "Nikianza kubishana nao nitaacha tena kumeza." Akakaa chini, kwa sababu miguu haimruhusu kusimama sana, na soko zima sasa linaamini ana ngoma.