Mama Mkwe Ndani ya Boti Ndogo

Sanduku la mama mkwe lilisimama mlangoni mwa nyumba yetu ya Thorncliffe Park, huku Kanada, tangu jani la kwanza lilipogeuka jekundu. Limefungwa, lina kufuli, linanitazama kila nikipita kwenda jikoni. Mama alikuja kumwona binti yake, yaani mke wangu, mwenye mimba ya kwanza. Mke wangu alimsihi abaki hadi mtoto azaliwe, akamsihi mpaka sauti ikamkauka. Mama, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Dodoma, alikuwa na jibu moja tu: theluji ataitazama kwenye televisheni, akiwa kwake.

"Hajaona uzuri wa nchi hii," nikamwambia mke wangu. "Kaona lifti mbovu na foleni ya daktari. Niachie mimi."

Basi Jumamosi ya mwisho kabla mfereji wa kupitia boti haujafungwa kwa ajili ya baridi, nikakodi boti huko kaskazini mashariki, mwendo wa saa mbili kwa gari. Nasema boti, lakini nimewahi kuoga kwenye beseni lenye nafasi zaidi.

Hapo ndipo nilipokosea hesabu. Kwetu mkwe wa kiume hakai karibu na mama mkwe. Humpi mkono, huli mbele yake, na ukiwa na neno unampitishia mkeo. Nyumbani tuliweza: mama akiingia jikoni, mimi natoka kibarazani, hata kama baridi inagandisha kope. Kwenye boti ningekimbilia wapi? Mama akakaa mbele kabisa, amevaa jaketi la kujiokolea juu ya koti, koti juu ya sweta, sweta juu ya kitenge. Mke wangu katikati, kwenye usukani. Mimi nyuma, nusu ya makalio yakiwa Kanada na nusu majini.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Miti ya kandokando ilikuwa myekundu na ya njano, kana kwamba kuna mtu ameanika kanga za harusi zote za Tanzania. Mama akamega chapati.

"Mwambie mumeo ale, asije akaanguka kwa njaa."

"Mwambie mama nashukuru."

Kipande kikapita kwa mke wangu, nikageuka kuukabili msitu, nikala nikiwa nimewapa mgongo. Bata waliokuwa wanatufuata walidhani nawahutubia.

Tukafika kwenye milango ya maji. Mimi fizikia nimesoma shule ya jioni, baada ya kusafisha ofisi za watu mchana kutwa, na cheti changu kiko ukutani juu ya jokofu mpaka leo. Nafasi kama hii siiachi.

"Mwambie mama," nikaanza, "huku maji yako juu, kule yako chini. Tunaingia kwenye chumba cha zege, mlango unafungwa nyuma yetu, maji yanatolewa taratibu, tunashuka nayo. Kisha mlango wa mbele unafunguliwa, tunaenda zetu. Ni lifti ya maji."

"Mwambie nimeelewa," mama akasema. "Angalau hii inafanya kazi."

Mlinzi wa milango, mwanamama mwenye kofia ya sufu, akatuelekeza kutoka juu ya ukuta. Tuzime injini. Mama mbele na mimi nyuma, kila mmoja apitishe kamba nyuma ya waya mnene ulioning'inia ukutani, ashike ncha mkononi, aiachie kidogo kidogo maji yakishuka. Tusifunge.

Nilisikia. Ila nilitaka mikono yote miwili, nimpige mama picha akitabasamu, tuwe na ushahidi siku akikana kwamba alifurahi. Tena mimi ni bingwa wa mafundo. Nilipohama Crescent Town nilifunga kochi juu ya gari la rafiki yangu, na nasikia gari lile liliuzwa pamoja na kochi lake. Nikafunga.

Maji yakaanza kushuka. Mbele ya boti ikashuka kwa adabu. Nyuma, nilipokaa mimi, ikabaki juu. Chupa ya chai ikabingirika hadi miguuni pa mama, na mimi nikaanza kuteleza kuifuata. Kwa makadirio yangu nilikuwa juu ya mama kama ghorofa mbili. Mke wangu anasema ni kiasi cha goti.

"Mwambie mama asishtuke!"

"Mwambie mumeo afungue hilo fundo!"

"Mwambie mama limekaza!"

"Ambianeni wenyewe!" mke wangu akafoka. "Mimi nina mtoto tumboni, sina spika!"

Mlinzi akapiga filimbi, maji yakasimama, akaanza kuyarudisha kidogo ili kamba ilegee. Mama hakungoja. Akamkabidhi binti yake kamba ya mbele, akapanda na nguo zake zote, akaja kukaa ubavuni kwangu, bega kwa bega.

"Wewe! Weka simu. Vuta hiyo."

"Hii, mama?"

"Siyo hiyo. Hiyo! Unacheka nini?"

Sikuwa nacheka, meno yalikuwa yanagongana. Fundo likaachia, nyuma ya boti ikatua majini, maji yakamwagika mapajani mwetu sote wawili. Mama akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Kisha akacheka hadi akanishika bega asianguke, na tukashuka hivyo hadi chini, kila mmoja akishika kamba. Picha sikupiga.

Tulipofika nyumbani mama akasimama mbele ya sanduku lake, akalitazama, akamgeukia binti yake.

"Mwambie mumeo alirudishe hili juu ya kabati. Mtoto mchanga hawezi kuachwa na mtu wa namna hii."

Mke wangu akamrukia shingoni, tumbo na yote.

"Mwambie mama nalipandisha sasa hivi," nikasema kutoka kibarazani.

"Na mwambie asilifunge kamba."