Roboti Asiyetua

Mwanangu amemwaga dawa ya meno kwenye sinki asubuhi hii, na ile harufu kali ya mnanaa imenirudisha kijijini Naipingo, sebuleni kwa mjomba, mbele ya deki yake ya sola.

Mimi na watoto wa mjomba tulipenda CD moja tu, ya roboti anayetoroka kiwandani. Ilikuwa na mkwaruzo. Kila alipofika ukutani na kuruka, picha ilikwama, naye akabaki juu, mguu mmoja umeshavuka. Tulipiga makofi, tukarudi kubangua korosho. Kwetu sisi alikuwa ametoroka.

Siku moja mjomba akaipaka CD dawa ya meno, akaisugua kwa kanga ya shangazi mpaka ikang'aa. Picha ikapita. Roboti akatua upande wa pili, walinzi wakamkamata, wakamfungua skrubu moja moja.

"Ndo mwisho wenyewe huo," mjomba akasema, ameridhika na kazi yake.

Nilisubiri aende kuswali alasiri, nikachukua msumari. Alama ya mkwaruzo wa zamani bado ilionekana kwa mbali. Nikaifuata.

Mjomba aliporudi alinikuta na msumari mkononi, akanichapa miguuni kwa fimbo ya mkorosho.

"Omba radhi!"

"Siombi."

"Umeharibu CD ya watu!"

"Umeiharibu wewe, mjomba. Mimi nimeirudisha."

Akaiweka kwenye deki aone kama itacheza. Ikacheza vizuri mpaka ukutani, ikakwama, mguu mmoja umeshavuka. Miguu yangu ilikuwa inawaka moto, lakini nilisimama nikapiga makofi peke yangu.