Kiti cha Stefania kwenye Meza ya Pirohi

Saa moja asubuhi, Stefania Hnatiuk anatangaza kwamba katika jimbo zima la Manitoba, Kanada, hakuna mwanamke anayefinya pirohi, yale maandazi madogo ya Kiukraini ya kuchemsha, upesi kama yeye. Kisha anakiri kwamba hajawahi kuzunguka jimbo zima, na kwamba leo sweta yake imefungwa vifungo na mumewe, tena upande.

Mbele yake kuna viduara vya unga uliokandwa. Anatia kijiko cha viazi na jibini, anakunja, anafinya kingo. Ana umri wa miaka 59, na miaka 31 kati ya hiyo ameimaliza kwenye meza hii, katika kiwanda kidogo cha wanawake sita mjini Dauphin.

Kengele ya jikoni, aliyoitega imkumbushe kunyoosha mwili, inalia. Stefania anaacha pirohi nusu wazi, anasimama, anatembea hadi kwenye friza na kurudi. Wenzake watano, ambao hawaumwi chochote, nao wanasimama. Wanasema ni kumpa moyo.

Stefania ana fibromayalgia: maumivu ya mwili mzima, na uchovu ambao hata usingizi hauutoi. Ilichukua miaka minne kujulikana. Daktari wa tatu alimwambia vipimo vyote ni safi.

"Nikamuuliza, baba, na huu mgongo umeonyeshwa hayo majibu?" anasema.

Dawa zilimsaidia kidogo. Kilichomrudisha mezani ni mazoea. Kahawa mwisho saa sita mchana. Kitandani saa tatu na nusu usiku, kila siku, hata timu ya Walter, mumewe, ikiwa inafungwa. Televisheni ilihamishiwa gereji, na Walter akaifuata. Mara mbili kwa wiki anaingia kwenye bwawa la maji ya uvuguvugu na wazee wengine wanane, wakitembea polepole kama watu waliodondosha hereni.

Amepunguza pia siku za kazi, kutoka tano hadi tatu, kwa dola 17 kwa saa. Walter anasema siku nyingine mbili mkewe humsimamia yeye Walter, bila malipo.

Sharti gumu kuliko yote ni la siku nzuri.

"Siku mbaya najua pa kukaa," anasema. "Siku nzuri ndiyo inanidanganya. Naamka mwepesi, najiona msichana, nataka kufanya kazi za mwezi mzima kabla ya chakula cha mchana."

Oktoba iliyopita aliamka hivyo. Akafua mapazia yote, akang'oa bitiruti za bustani nzima, akaoka mikate ya kanisani. Siku nne zilizofuata alilala akiangalia dari, huku oda kubwa ya harusi ikimsubiri.

Mwenye kiwanda, Zonia Prytula, ambaye humwita shangazi ingawa hawana undugu, alimwekea masharti. Wiki sita bila kujichosha nyumbani. Akivunja, atahamishiwa kwenye kubandika lebo kwenye mifuko, na kiti chake atapewa mwingine.

Kwa Stefania, hiyo ni sawa na kuzikwa huku unasikia.

Leo wiki ya sita inaisha. Oda za mkesha wa Krismasi zimeshafika dazeni mia nane, na mpango wake ni mmoja: kuzifinya akiwa amekaa palepale, mwaka huu na mwingine.

Zonia anamuuliza Jumapili ya jana ilikuwaje.

"Nilikaa tu, mwanangu. Nilitazama theluji mpaka ikaona haya."

Zonia anacheka, anaanza kumpa hongera. Mlango unafunguliwa. Anaingia Darcy, kocha wa watoto wa hoki, amebeba bakuli kubwa la kioo.

"Shangazi Stefania, zile pirohi dazeni kumi na tano ulizotupikia jana watoto wamezimaliza zote. Bakuli nimeliosha."

Stefania anamtazama kama mgeni aliyepotea njia.

"Umekosea mtu, baba. Bakuli hilo silijui."

Zonia analipokea, analipindua. Mjini hapa hakuna mama anayetoa chombo nje bila kubandika chini yake utepe wenye jina, kwa kuogopa kisirudi. Utepe upo, na mwandiko ni ule ule wa kwenye kadi za Krismasi ambazo Stefania humpa miaka yote.

Zonia anausoma kwa sauti, polepole, meza nzima ikisikia:

"S. Hnatiuk. Rudisha nyumbani. Kazini usilete."