Jibu Lililokuwa Ukurasa wa Nne

Kabla ya mkasa wa mdogo wake, hakuna mtu ofisini aliyewahi kumsikia Hajra akipandisha sauti. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mzaliwa wa Kurui huko Kisarawe, aliyehamia Kibaha kikazi na kupanga nyumba Tangini. Aliajiriwa na Mkunga Jirani, taasisi ndogo ya wakunga, ili atunze tovuti yao. Kazi yenyewe haikuwa na makeke. Mkurugenzi, Bwana Didas, akileta picha za mgeni rasmi akikata utepe, Hajra anaziweka. Sista Martina, mkunga mkuu, akileta makala ya ushauri kwa wajawazito, Hajra anaiweka juu ya zile picha. Kesho yake ikija hotuba ya semina, nayo inawekwa juu ya makala. Ndivyo tovuti ilivyokua, kitu juu ya kitu, kama nguo chafu kwenye beseni, na hakuna aliyelalamika.

Mdogo wake, Mwanamvua, alibaki Kurui na mumewe Latifu, wakilima muhogo. Ujauzito wake wa kwanza ulipofika mwezi wa saba, miguu ilianza kuvimba, kisha kichwa kikawa kinamgonga kutwa nzima. Kliniki ilikuwa mbali na mvua zilikuwa zimeharibu barabara, lakini simu alikuwa nayo mkononi. Akaandika: miguu kuvimba mjamzito kichwa kuuma. Jibu la kwanza likamwambia asiwe na hofu, ni maji tu yamezidi mwilini, na isitoshe ni dalili kwamba mtoto ni wa kiume. Chini ya maneno hayo palikuwa na namba ya simu na picha ya kopo la unga wa mizizi. Latifu aliagiza, kopo likaja na basi. Mwanamvua alikuwa bado anakunywa unga huo asubuhi alipoanza kuona vimulimuli mbele ya macho. Akaanguka jikoni, mwili umekakamaa, povu linamtoka.

Hospitali walimwokoa yeye. Mtoto hawakumuwahi.

Hajra alimkuta amegeukia ukutani. Mama yao alikuwa ameketi pembeni ya kitanda, anavuta uradi kimyakimya. Hajra alisalimia, akainama karibu na sikio la mdogo wake.

"Mwanamvua, kwa nini hukunipigia?"

"Nilitafuta kwanza mtandaoni, Dada. Sikutaka kukusumbua kazini. Wameandika vizuri. Kama daktari."

"Wapi? Nioneshe."

Akapewa simu. Akaandika maneno yaleyale. Jibu la kwanza, la pili na la tatu yote yalitoka kwa muuzaji mmoja, tovuti iitwayo Mizizi Hai. Hajra aliendelea kushuka. Akamaliza ukurasa wa kwanza wa majibu, wa pili, wa tatu. Kwenye ukurasa wa nne, chini kabisa, akakuta makala ya Sista Martina. Ileile aliyoiweka kwa mikono yake. Ndani yake mlikuwa na sentensi iliyonyooka: mjamzito anayevimba na kuumwa kichwa aende hospitali siku hiyohiyo, asingoje kesho. Lakini kichwa cha makala kilisema "Wakunga Watoa Neno Katika Maadhimisho", kwa sababu iliwekwa wiki ya sherehe na Bwana Didas alitaka sherehe itajwe juu. Kuufikia ule ushauri, msomaji alipaswa kwanza kumpita mgeni rasmi, na turubai, na kikundi cha ngoma.

Hajra akatoka wodini. Alitamani kumpiga mtu, na hakujua aanze na nani.

Akaanza na aliye karibu. Akapiga ile namba iliyokuwa chini ya picha ya kopo.

"Mizizi Hai, karibu mama," ikajibu sauti ya kijana, laini kama asali.

"Mdogo wangu amekunywa unga wenu badala ya kwenda hospitali. Amepata kifafa cha mimba. Mtoto amefariki."

"Pole sana, dada. Alifuata maelekezo ya matumizi?"

"Nani aliwaambia kuvimba ni dalili ya mtoto wa kiume?"

"Dada yangu, sisi tunaandika wanachotafuta watu. Kama nyie watu wa hospitali mna majibu mazuri zaidi, si myaweke? Mbona hatuyaoni?"

Kijana akakata. Hajra alipopiga tena, simu haikupokelewa. Alimripoti mtu yule kwa wahusika, akaambiwa suala lake litafuatiliwa, na kuanzia hapo hakusikia tena lolote. Lakini kilichomchoma usiku na mchana ni yale maneno ya mwisho. Mwongo yule alikuwa amesema kweli.

Aliporudi ofisini aliifungua Mizizi Hai na kuichambua jinsi fundi anavyofungua injini. Akakuta kitu ambacho hakukitarajia: mpangilio. Kulikuwa na ukurasa mmoja mkubwa, kama mama, unaozungumzia ujauzito wote. Chini yake kulikuwa na kurasa ndogo, kila mmoja na swali lake: miguu kuvimba, kutapika, damu kutoka, kiuno kuuma, mtoto kutocheza. Kila ukurasa mdogo ulimrudisha msomaji kwa mama, na kumpeleka kwa ndugu zake waliofanana naye. Hakukuwa na mgeni rasmi wala turubai. Mtambo wa utafutaji ukiingia mle, unaona tovuti inayojua habari moja na kuikamilisha, ndiyo maana unaitanguliza. Uongo ulikuwa umepangwa rafu kwa rafu, una lebo na taa. Ukweli wa wakunga ulikuwa umerundikwa stoo.

"Mwanaharamu huyu amefanya kazi," Hajra alimwambia Sista Martina, machozi ya hasira yakimtoka. "Sisi hatukufanya. Makala saba, Sista! Umeandika makala saba kuhusu presha ya mimba, na zote zimezikwa chini ya matukio."

Sista Martina, mama wa makamo aliyezalisha nusu ya watoto wa mtaa wake, alivua miwani. "Saba? Nilidhani watu wanazisoma."

Siku hiyohiyo Hajra aliingia kwa Bwana Didas. Alimweleza anachotaka: ukurasa mama wa ujauzito uwe mbele, maswali yapangwe chini yake kwa mada, na picha za matukio zipelekwe kwenye sehemu yake ya nyuma.

Bwana Didas alitabasamu lile tabasamu la kumtuliza mtoto. "Pole kwa msiba, Hajra. Lakini wafadhili wakifungua tovuti wanataka kujiona. Ukiwaweka nyuma, mwakani hatuna mradi."

"Mjamzito akifungua anataka kujua kama atakufa."

"Usiongee kwa jazba."

"Nimeongea kwa upole miaka yote, Bwana Didas. Umenisikia?"

Alikataliwa. Akatoka, akakaa kwenye meza yake, na akaanza kazi bila ruhusa.

Alifanya kazi kama mtu anayevunja nyumba. Zile makala saba alizikunja zikawa moja, iliyosema jambo lile mara moja na ikalisema vizuri. Alifuta vichwa vya habari vya sherehe. Aliketi na wanawake kwenye mabenchi ya kliniki pale mjini, akaenda hadi Dutumi kwenye familia za wafugaji waliotoka kaskazini, akawauliza swali moja tu: ukiumwa, simu unaiandikia nini? Hakuna aliyeandika "kifafa cha mimba". Hakuna aliyeandika "shinikizo la damu". Waliandika miguu imevimba. Waliandika naona nyota nyota. Waliandika mtoto hachezi tangu jana. Maneno hayo ndiyo Hajra aliyoyafanya majina ya kurasa, moja kwa kila swali, na Sista Martina akayajibu. Kisha Hajra akazifunga kurasa kwa viungo, anayesoma kuvimba aongozwe kwenye kichwa kuuma, anayesoma kichwa kuuma aoneshwe dalili za hatari, na wote wajue njia ya kurudi kwenye ukurasa mama. Kila alipoweka kiungo alimwona yule kijana wa sauti laini mbele yake, akabonyeza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Bwana Didas aligundua siku mfadhili mmoja alipompigia kuuliza picha yake imekwenda wapi. Alitoka ofisini kwake uso umemwiva. Siku hiyo, kumbe, Mwanamvua alikuwa amekuja Kibaha kumwona daktari, na alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni akimsubiri dada yake watoke wakale.

"Nani alikupa mamlaka?" Bwana Didas alifoka. "Tovuti hii si shamba lenu la Kurui! Umeondoa mgeni rasmi mbele, umeweka miguu iliyovimba! Hii ndiyo sura ya taasisi?"

Hajra alifungua mdomo, lakini Mwanamvua alikuwa ameshasimama. Tangu atoke hospitali alikuwa haongei na watu asiowajua.

"Shikamoo baba," alisema, kwa sababu alilelewa hivyo. "Mimi ndiye niliyetafuta hiyo miguu."

Bwana Didas alimtazama bila kuelewa.

"Nilitafuta nikiwa na mtoto tumboni. Nyinyi mlikuwa nalo jibu. Dada amenionesha. Lilikuwa chini ya ngoma." Akaifungia mikono ndani ya khanga. "Sasa nataka unioneshe huyo mgeni rasmi nimjue. Nijue ni nani aliyekuwa muhimu kuliko mwanangu."

Sista Martina alikuwa amesimama mlangoni. Bwana Didas aliangalia dari, akaangalia simu yake, akasema ana kikao. Hakuomba radhi siku hiyo, wala siku nyingine yoyote. Alichofanya ni kutouliza tena habari ya zile picha, na Hajra hakumshukuru kwa hilo.

Haikuwa kwamba mambo yalibadilika mara moja. Kwa wiki nyingi ukurasa wa kuvimba ulibaki ulipo, Hajra akiamka kila asubuhi kuutafuta na kuukuta umezikwa vilevile. Kisha ukapanda hadi ukurasa wa tatu wa majibu. Ukapanda hadi wa pili. Mvua za vuli zilipoanza, aliandika maneno ya mdogo wake kwenye simu na jibu la kwanza likawa lao. Mizizi Hai wakawa chini yake.

Muda si mrefu Sista Martina alikuja mezani kwake akihema. Mwanamke mmoja kutoka Dutumi, jina lake Rahabu, mke wa mfugaji, alikuwa ameletwa kwa pikipiki hadi mjini, uso umevimba, na mkononi ameshika simu iliyofunguliwa kwenye ukurasa wao. Mama mkwe alikuwa anataka anywe dawa za miti kwanza. Rahabu akamsomea ukurasa kwa sauti, mumewe akawasha pikipiki. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike, wote wazima.

Sista Martina alikuwa anacheka na kulia. Alimkumbatia Hajra, akashangaa kukuta mwili umekuwa mgumu kama gogo.

"Vipi wewe? Hufurahi?"

"Kwa hiyo ilikuwa inawezekana," Hajra alisema. "Wakati wote ule, ilikuwa inawezekana." Akapiga meza kwa kiganja, kikombe cha chai kikaruka. "Ni kazi ya miezi michache tu, Sista! Tulikuwa na maneno, tulikuwa na tovuti, tulikuwa na umeme. Tukamwachia yule mbwa!"

Sista Martina alifuta chai iliyomwagika kwa aproni yake ya kazini, akaketi karibu naye.

Mizizi Hai bado wapo. Ukiuliza habari ya damu kutoka wakati wa mimba, wao ndio wa kwanza hadi leo, na kopo lao limepanda bei. Hajra anajua, kwa sababu hutazama kila siku. Rasimu ya ukurasa wa damu aliituma Kurui kwa mdogo wake, ambaye sasa ndiye msomaji wake wa kwanza. Mwanamvua alipiga simu jioni.

"Dada, hapa mmeandika 'atafute huduma za dharura'. Mtu wa huku atakaa anajiuliza huduma gani."

"Niandike nini?"

"Andika ainuke aende. Andika hata kama mume hayupo, hata kama mama mkwe amekataa. Usimbembeleze, Dada. Mfokee."

Hajra alifuta sentensi ile, akaanza kuandika upya.