Sauti Iliyosikika Mkutanoni Sepuka

Mimi ni mtafiti wa pumu. Nachunguza kitini, kile kitu kigumu kinachojenga gamba la mende, na jinsi kinavyochokoza kinga ya mwili hadi mapafu yanabana. Kwa hiyo nafuga mende chumbani kwangu, hapa Unyambwa, ambako sina ndugu wala rafiki.

Juzi nilialikwa kwenye mkutano wa kijiji Sepuka. Nilitaka watu wasikie kifua cha mgonjwa kinavyolia kama filimbi, nikaunganisha kinasa sauti changu na spika. Kumbe usiku uliotangulia nilikuwa nimekisahau chumbani kikiwa kimewashwa, kikanasa maneno yangu. Ikatoka sauti yangu mwenyewe, laini kabisa:

"Wanangu, mmeshindaje? Leo tena hakuna aliyenipigia. Kuleni tu, mimi sina hamu."

Nikabonyeza kila kitufe. Sauti ikazidi kupanda. "Msijifiche basi, tuongee kidogo."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja mwenye pumu, aliyekaa mbele, alinitazama kwa huruma.

"Pole sana, daktari. Hao watoto umewaacha na nani?"

Nilikuwa bado nimeshika kipaza sauti mdomoni, hivyo kijiji kizima kilinisikia nikijibu:

"Mama, ni mende."