Jiko Banifu na Mahindi ya Mbegu

Mwaka jana nilimjengea mama jiko banifu la udongo, na kikohozi chake kikapungua. Lakini moshi wa mafiga ndio uliokuwa ukizuia fukusi kwenye mahindi ya mbegu tunayoning'iniza juu ya moto. Sasa wakayaingia. Bibi akaogopa kwamba tutakosa cha kupanda.

"Rudisha mafiga," akaniambia.

Mama akamuuliza bibi, "Mama, kwa hiyo nikohoe tena ili fukusi wafe?"

Bibi akacheka. Akataka majivu ya kuchanganya na punje nzima zilizobaki, lakini jiko lilikuwa na majivu ya kiganja kimoja tu.

"Jiko lako linabana hata majivu!"

Nilijikaza, nikaenda kuomba kwa jirani yetu mfugaji, anayechoma samadi ya ng'ombe. Akanijazia ndoo ya majivu. Mvua zilipoanza mbegu ilitosha, na jiko sikulibomoa.